Mstari Alioongeza Cucu

Baba yangu alikuwa naibu wa chifu upande wa Ruiru kwa miaka mingi. Alizoea kuwaamua walevi wanaopigana na kuwapatanisha wenye mashamba, na sikuwahi kumwona akishindwa na karatasi hadi Desemba ya mwaka wa kwanza wa korona.

Mimi nilikuwa nimerudi kwake tangu hoteli zifungwe. Nilikuwa mpishi kwenye hoteli moja ya nyama choma kule Kamakis. Siku ya kufunga, mwenye hoteli alituita jikoni, akampa kila mmoja wetu kipande cha mbavu cha kwenda nacho, akatuambia tungoje simu. Niliingoja wiki tatu, kisha nikafungasha nguo kwenye begi moja, visu vyangu viwili nikavifunga ndani ya taulo, nikaenda nyumbani. Mama alikuwa ametutoka nikiwa kidato cha pili. Ndugu zangu wana familia zao mbali. Kwa hivyo tulikuwa wawili tu katika nyumba ile, baba na mimi.

Baba hakuwa ananiita kwa jina. Nilizaliwa msichana wa kwanza, na kwa desturi ya Wakikuyu nikapewa jina la mama yake. Tangu nikiwa mchanga aliniita maitu, yaani mama. Ukitusikia tukiongea ungecheka: mzee wa miaka hamsini na kitu, na sare yake ya kaki, akimwambia msichana aliyevaa ndara, "Maitu, naomba chumvi."

Waraka ulikuja kutoka juu wiki ya kwanza ya Desemba. Ulikuwa kurasa nyingi za Kiingereza, kuhusu jinsi watu watakavyosherehekea Krismasi bila kuambukizana na jinsi chakula cha msaada kitakavyogawiwa. Baba aliusoma kwenye veranda, miwani imeshuka hadi ncha ya pua. Akaurudia tena. Kisha akanipa.

"Hii imeandikiwa watu wa suti," akasema. "Niandikie nyingine. Ukurasa mmoja. Nataka mama anayeuza mboga za sukuma pale steji ya matatu aisome huku anakatia mteja, na aelewe bila kuacha kukata."

Tuliketi, nikaandika. Kila niliposema "wananchi wanashauriwa," baba alitikisa kichwa. "Ushauri ni wa shangazi. Andika 'usifanye'." Basi nikaandika. Usitoke bila barakoa. Usiingie kanisani kukiwa kumejaa, subiri ibada inayofuata. Usiandae karamu ya watu wengi. Ukikohoa, kaa nyumbani. Usipange foleni ya chakula cha msaada. Kitaletwa mlangoni kwako. Pamoja na mengine, makatazo yakafika saba.

La nane lilikuwa la wazee. Waraka ulisema watu wa mjini wasisafiri kwenda kuwatembelea wazazi wao waliozeeka. Baba aliufikia mstari huo akavua miwani. Nilijua anawaza nini. Yeye ni kitinda mimba. Kila Krismasi tangu nimjue tulikwenda Gatuanyaga, mbele ya Thika, kwa mama yake, na tulipofika yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kushuka garini, mbele ya sisi watoto. Cucu, yaani nyanya yangu, alikuwa amepita miaka themanini. Alikuwa anaishi peke yake kwenye boma lake, na kuku, na mbuzi, na kiti chake cha mbao mlangoni.

"Andika," baba akasema.

Nikaandika: *Krismasi hii usiende kumtembelea mzee wako. Mpende kwa kukaa mbali.*

Ile sentensi ya pili ilikuwa yangu, haikuwa kwenye waraka. Baba aliisoma, akasema, "Hiyo ni nzuri, maitu." Nami, sitadanganya, nilijivunia.

Tulitoa nakala kwenye duka la saiba pale stejini, tukabandika kila mahali: kwa kinyozi, kwenye posho mill ya kusaga unga, kwenye milango ya makanisa, kwenye kioo cha duka la dawa. Jumapili baba akapanda kwenye jiwe karibu na soko na kipaza sauti, akaisoma yote. Alikuwa na sauti nzuri ya kusoma, sauti ya mtu aliyewahi kuwa mwalimu. Mtu fulani akamrekodi kwa simu. Na kama unavyojua mambo ya simu, kufikia Jumatano sauti ya baba ilikuwa imezunguka Githurai, Juja na Witeithie, ikavuka Thika, ikafika Gatuanyaga kwenye simu ya mwalimu aliyekuwa jirani ya Cucu.

Cucu alipiga simu jioni hiyo, jua bado lipo. Baba akaiweka sauti ya juu kwa sababu alikuwa anavua viatu. Waliongea Kikuyu, naandika hapa kwa Kiswahili.

"Nimesikia mtu kwenye simu ya mwalimu," Cucu akasema. "Anasema watoto wasiende kwa wazazi wao Krismasi. Sauti ni kama yako."

"Ni mimi, maitu."

"Ni wewe."

"Ni kazi, maitu. Ugonjwa huu unawapata wazee kwanza. Mimi nashinda na watu, nashika kila kitu. Nikikuletea?"

Tulisikia kuku wake. "Mbuzi nilikuwa nimeshamtenga," Cucu akasema. "Haya. Nitamrudisha kwa wenzake."

Akakata. Baba alibaki na kiatu kimoja mguuni na kingine mkononi. Nilikwenda jikoni nikajifanya ninatafuta kitunguu.

Chakula cha msaada kilifika wiki iliyofuata. Lori lilishusha mafurushi kwenye ofisi ya baba, ambayo ilikuwa vyumba viwili vya mabati na tangi la maji nje. Kila furushi lilikuwa na unga, mchele, maharagwe, mafuta ya kupikia na sabuni. Wazee wa mtaa walikuwa wamepita nyumba kwa nyumba wakiandika majina ya waliopoteza kazi, wagonjwa, na wazee wasio na mtu. Jina langu halikuwepo. Mzee mmoja wa mtaa alilipendekeza, maana hata mimi nilikuwa nimepoteza kazi, na baba akalikataa kabla hajamaliza kusema. "Huyo anakula kwangu," akasema. Sikuumia. Nilikuwa ninakula kwake kweli.

Tuligawa kwa siku mbili, baba na mimi, kwa pikapu tuliyoazimwa na kanisa. Utaratibu ulikuwa ule tuliouandika: bisha hodi, weka furushi mlangoni, rudi nyuma, aliyepewa aweke sahihi, ondoka. Usiingie. Usikae. Watu walifurahi. Mama mmoja alilibeba furushi lake akalizungusha kama mtoto. Wengine walilipokea wakitazama chini, na hao baba aliwaongelesha mambo mengine kabisa, mvua na bei ya mbegu, mpaka wakainua macho.

Nyumba ya mwisho siku ya kwanza ilikuwa chumba kimoja katika ploti ya vyumba vya kupangisha iliyo karibu na mto. Humo aliishi mzee aliyekuwa soja, yaani mlinzi, wa kiwanda kimoja cha Thika miaka mingi iliyopita. Mke wake alifariki, binti yake ameolewa Nyeri. Mzee wa mtaa alikuwa amempigia simu kumwambia kwamba chifu atapita, maana watu wengi walimwita baba hivyo.

Tulimkuta amesimama mlangoni. Alikuwa amevaa koti na tai. Ilikuwa saa tisa alasiri, jua kali, ploti nzima imeanika nguo, na yeye amefunga tai ya rangi ya damu ya mzee, fundo dogo na gumu kama la mtoto wa shule. Nyuma yake, ndani, niliona viti viwili vimepanguswa, debe lililogeuzwa kuwa kiti cha tatu, na kwenye meza chupa ya chai na vikombe vitatu vimefunikwa kwa kitambaa.

Baba aliweka furushi mlangoni akarudi nyuma. Nilimpa mzee daftari, akaandika jina lake polepole, herufi moja moja.

"Karibuni ndani," akasema.

"Mzee," baba akasema, "sheria haituruhusu kukaa. Ndiyo hiyo tumebandika."

"Nimeisoma." Alitabasamu, barakoa ilipanda hadi machoni. "Ni sawa, chifu. Sheria ni sheria. Nami nilikuwa mtu wa lango, najua. Nilikuwa nimeweka tu chai."

Tulimshukuru tukaondoka. Nilipotazama nyuma alikuwa bado amesimama, mkono mmoja kwenye tai. Baba aliendesha gari hadi barabarani. Pale kwenye matuta akasimamisha, akashika usukani kwa mikono miwili.

"Umeona vikombe?" akauliza.

"Nimeona."

"Vitatu," akasema, kisha akatia gia.

Cucu alikuja siku mbili kabla ya Krismasi.

Tulikuwa ofisini asubuhi. Nje palikuwa na watu kama kumi, wamesimama mbali mbali, wakingoja barua na mihuri. Pikapu iliyojaa maembe ikasimama barabarani. Ilikuwa ya jirani wa Cucu, anayeleta maembe soko la Ruiru. Mlango ukafunguka, ikatoka fimbo kwanza, kisha kiatu cheusi cha kanisani, kisha Cucu mzima. Alikuwa amevaa kitambaa cheupe cha akina mama wa kanisa kichwani, na barakoa aliyojishonea kwa kipande cha pazia. Nalijua pazia lile. Lilikuwa la sebuleni kwake, lenye maua ya manjano.

Baba alitoka ofisini mbio kisha akakumbuka, akasimama ghafla kama aliyefika ukingoni mwa shimo.

"Maitu! Umekuja kufanya nini huku? Karatasi imesema..."

"Karatasi nimesomewa," Cucu akasema. "Mwalimu amenisomea mara tatu. Imekataza vijana kwenda kwa wazee. Je, imesema mahali popote kwamba mzee asiende kwa kijana?"

Watu walicheka. Walijaribu kuficha kicheko nyuma ya barakoa, lakini mabega yao yaliwasaliti. Hata baba, nilimwona, pembe za macho zilikunjana. Alivua kofia ya kazi, akajipangusa paji la uso.

"Haijasema," akakubali.

"Basi niletee kiti. Nimekaa juu ya gia kutoka Thika."

Nilimletea kiti nikakiweka kwenye kivuli cha tangi, upande wa upepo. Baba alipima umbali kwa fimbo yake ya kazi, mara mbili, akakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa. Mimi nikakaa kwenye ngazi. Watu waliokuwa wakingoja mihuri hawakuondoka, na hakuna aliyejifanya hasikii.

Cucu alitoa kwenye mkoba nakala ya karatasi yetu, ambayo mwenye pikapu alikuwa amemchukulia sokoni Ruiru. Ilikuwa imekunjwa mara nne. "Nani aliandika hapa mwisho?" akauliza. "Hapa pa kupenda kwa kukaa mbali."

"Ni mimi, Cucu."

Alinitazama. Sisi wawili tuna jina moja, na hakuwahi kuniita mjukuu, aliniita mwenzangu. "Mwenzangu," akasema, "ni maneno matamu. Yafute."

Baba akataka kunitetea, Cucu akainua mkono.

Kisha akatueleza jambo ambalo sikuwa nimewahi kulisikia, wala baba pia. Wakati wa vita vya kupigania uhuru, akasema, mkoloni aliwaondoa kwenye mashamba yao akawafungia kwenye kijiji kilichozungushiwa mtaro. Kulikuwa na kafyu kali kuliko hii yetu. Alikuwa msichana wa miaka kumi na mingapi, hakumbuki. Ugonjwa wa kuhara ukaingia kijijini, watu wakafa, na wagonjwa wakawekwa kwenye nyumba moja karibu na mtaro. Dada yake mkubwa alikuwa mmoja wao.

"Mama yetu alitukataza kuingia. Alikataza kweli kweli, angetupiga. Lakini kila siku tukitoka kuchimba mtaro aliniambia, nenda ukae nje ya ukuta wa dada yako umpe habari. Nilikaa hapo, mgongo kwenye udongo. Nilimwambia nani amepigana na nani kwenye foleni ya maji. Nilimwambia tumepika nini, hata kama hatukupika kitu. Sikuingia hata siku moja. Na hakuna siku niliyokosa kwenda."

Aliinua kipande cha pazia akapumua, akakirudisha.

"Alipona?" baba akauliza.

"Hapana," Cucu akasema. "Lakini alikufa akiwa na habari zote za kijiji."

Mwanamke mmoja kwenye foleni ya mihuri alikuwa analia wazi wazi, na hakujipangusa kwa sababu tulikuwa tumemwambia asiguse uso. Pikapu ya maembe ilipiga honi, Cucu akaipungia fimbo ingoje.

"Sikukatazi kukataza," akamwambia baba. "Katazo ni zuri. Sijaja kula na wewe, wala kukushika. Lakini karatasi yako imewaambia watu wasifanye nini, mara nane. Nami kule kwangu nakaa mlangoni nikijiuliza, sasa wafanye nini? Wakishakaa mbali, ndiyo basi?"

Baba alikuwa anatazama mikono yake. "Niandike nini, maitu?" akauliza. Na kwa mara ya kwanza sikujua ni nani kati yetu anaitwa, mpaka nikaona Cucu ananionyesha kwa fimbo.

"Wewe shika kalamu," akaniambia. "Andika. *Mzee asipitwe na siku bila kuulizwa habari. Ukiwa jirani, keti nje, mbali, na barakoa yako, mwongee mpaka chai ipoe. Ukiwa mbali kabisa, piga simu, na usiwe na haraka ya kukata.*"

Nikaandika hivyo hivyo. Akaniambia nimsomee. Akaniambia "mpaka chai ipoe" niiandike vizuri zaidi, watu waione. Kisha akasimama, akaangalia kushoto na kulia kama mtu aliyemaliza shughuli sokoni, akamwita mwenye pikapu. Kwenye sehemu ya nyuma, chini ya maembe, kulikuwa na gunia la maharagwe aliyovuna mwenyewe. Alisema ni ya wale ambao furushi lao litakuwa limeisha kabla ya mwaka mpya. Alikataa baba amsaidie kupanda. Mimi nilimshikia mlango kwa kitambaa.

Baba alimpigia simu chifu wake papo hapo, maana hakuwa mtu wa kubadilisha maneno ya serikali kwa siri. Alimsomea mstari wa tisa. Ng'ambo ya simu tukasikia chifu akikohoa kikohozi cha kawaida, cha kusafisha koo.

"Ni nje?" akauliza.

"Ni nje, na ni mbali."

"Basi mimi sioni shida. Ongeza. Na unitumie, hata kwangu wataisoma."

Hatukuchapisha nakala nyingine. Nilichukua kalamu ya wino mzito, nikazunguka mtaa mzima siku hiyo hiyo, kwa kinyozi, kwenye posho mill, kwenye milango ya makanisa. Kila mahali nilifuta sentensi yangu kwa mstari mmoja mnene, na chini yake nikaandika ya Cucu. Vidole vilikuwa vyeusi hadi jioni. Kinyozi alitoka akanisoma nikiandika. Alipofika mwisho akaingia ndani, na kupitia dirishani nilimsikia akisema kwenye simu, "Mami? Hapana, hakuna shida. Nimepiga tu."

Asubuhi ya mkesha wa Krismasi baba alinikuta nikichemsha chai. Akaniambia niitie kwenye chupa, niongeze tangawizi, kisha akachukua stuli ya jikoni akaitia kwenye buti ya gari lake. Sikuuliza tunakwenda wapi.

Mzee wa ploti ya mtoni hakuwa anatutarajia. Alikuwa kwenye vesti, akiosha sufuria nje. Baba aliweka stuli uani, mbali kidogo na mlango, akakaa.

"Nimekuja na chai yangu," akasema. "Wewe chukua ya kwako. Tutakunywa kila mtu upande wake."

Mzee alisimama na sufuria ikidondosha maji. "Chifu," akasema, "ningoje kidogo." Akaingia ndani, akafunga mlango. Tulingoja. Majirani walianza kuchungulia. Mlango ulipofunguka alikuwa na koti, na ile tai, na fundo lake lile gumu.

Walikaa kwa muda wa karibu saa mbili. Nilidhani baba atampa habari za mtaa, kumbe mzee ndiye aliyekuwa nazo. Alimweleza jinsi alivyowajua wafanyakazi wa kiwanda kwa mwendo wa miguu tu, kabla hawajafika langoni. Alimweleza kuhusu mwanamke aliyekuwa akija kila siku saa sita mchana na chakula cha mumewe, na siku aliyoacha kuja, na jinsi yeye soja alivyompa yule mume nusu ya githeri yake mwezi mzima bila kuulizana kitu. Jirani mmoja akaleta stuli yake akakaa. Kisha mwingine. Nilimsikia baba akicheka kicheko ambacho sikuwa nimekisikia tangu mama atutoke, kile cha kuanzia tumboni. Tulipoondoka, chai ya mzee ilikuwa imepoa kabisa, hajaimaliza, na wale majirani walikuwa bado wamekaa.

Siku ya Krismasi baba alitoka mapema akaangalia makanisa, akawaambia waliosongamana waachane. Saa nne alirudi akabadilisha sare, akavaa shati la draft lenye miraba na sweta ambayo Cucu alimfumia. Tulikwenda Gatuanyaga sisi wawili tu, vioo vya gari vimefunguliwa; si mbali kabisa, baba akasema, na kukaa nje si kutembelea. Kabla ya kufika baba alisimama kwenye bomba akanawa mikono hadi viwiko, kama daktari.

Hatukuingia ndani ya nyumba. Cucu alikuwa kwenye kiti chake mlangoni, nasi tulikaa chini ya mwembe wake, uliokuwa na kunguru na maembe yaliyoiva kupita kiasi yakituangukia kila mara. Mbuzi hakuchinjwa. Alikuwa nyuma ya nyumba akila maganda. Cucu alikuwa ameweka chakula chetu kwenye sinia juu ya kigogo katikati, na yeye akarudi kwake kabla hatujakisogelea. Ndugu za baba walipiga simu mmoja baada ya mwingine, na hakuna aliyekuwa na haraka ya kukata. Kaka yake mkubwa, ambaye kwa kawaida husema maneno matatu, alimsimulia Cucu juu ya mfereji wa maji uliopasuka kwake, tangu ulipopasuka hadi ulipozibwa. Cucu alisikiliza yote, akiuliza maswali ya fundi.

Ugumu ulikuja wakati wa kuondoka. Wazee wetu hubariki kwa mate. Kila Krismasi tulipiga magoti mbele ya Cucu, akatutemea mate kidogo kifuani au kwenye viganja, na ukishapata hayo unaondoka ukiwa mwepesi. Sasa tulikuwa tumesimama kule chini ya mwembe, wote watatu tukijua, na hakuna aliyetaka kulitaja.

Cucu aliinuka kwa fimbo. Akashusha barakoa hadi kidevuni, akatema mate kwenye viganja vyake mwenyewe. Akavikunja. Akatamka maneno yale ya baraka, yote, bila kuruka hata moja: mzae, msikose maji, njia yenu isiwe na miiba. Kisha akavifungua viganja kuelekea kwetu, hatua saba mbali, kama mtu anayeachilia ndege. Baba alipiga magoti kwenye majani, kwenye maembe yaliyooza, na suruali yake nzuri. Mimi pia. Tulisema *thaai*, yaani amani, mara tatu. Tukabaki hapo chini kidogo zaidi ya ilivyo desturi.

Cucu hakupata ugonjwa ule. Mzee wa tai aliupata mwezi wa tatu, akaugua wiki mbili, na majirani wa ploti walikaa nje ya mlango wake kwa zamu wakimpigia kelele za habari kupitia dirisha. Alipona. Baadaye binti yake alikuja kumchukua, akaenda naye Nyeri, na baba huwa anampigia simu hadi leo.

Chanjo ilipofika, Cucu alikuwa kwenye foleni ya kwanza ya wazee. Alipokwisha kuchomwa sindano ya pili, na baba na mimi tukiwa tumeshapata zetu, tulikwenda kumwona siku ya Jumamosi. Nilikuwa nyuma ya baba nimebeba kapu la mboga. Cucu hakungoja tufike mlangoni. Alikuja hadi kwenye gari, akamshika baba kichwa kwa mikono yote miwili, akakigeuza huku na huku kama anayechagua malenge sokoni, akambonyeza mashavu, akamshika mabega, mbavu, akarudi kwenye kichwa. Baba alisimama tu, macho amefumba, mikono inaning'inia.

"Umekonda," Cucu akasema kwa hasira. "Nani anakupikia?"

Mimi ndiye niliyekuwa nikimpikia, mwaka mzima, na nilisomea upishi. Niliweka kapu chini nikangoja zamu yangu.